Gharama za Zuwena

Nairobi,
4 Machi 1984

Bwana Badawi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, sijui wewe. Jumapili mbili zimepita tangu siku uliyotarajiwa, hukuja na hukuleta habari, na si kawaida yako.

Zuwena hajambo, ila amepungua. Daktari alimwona Jumanne akamchoma sindano ya homa, shilingi mia na themanini, nikamwomba asubiri mpaka utakapokuja. Viatu vyake vimekwisha na fundi hataki kukopesha tena. Pango la chumba chake la mwezi wa pili halijalipwa. Yule mzungu mwenye mahali ameniuliza mara mbili, na mara ya pili hakuuliza kwa upole. Chakula cha wiki hii nimenunua mimi.

Tangu uache kuja, hali chakula vizuri. Akisikia lori limesimama nje huinua kichwa, kisha hukiteremsha tena.

Tafadhali njoo, au tuma neno.

Ni mimi mtu wako,
Kitsao Kaingu


Malindi,
19 Machi 1984

Kwa Kitsao Kaingu,

Barua uliyomwandikia mume wangu imenifikia mimi. Badawi alifariki Ijumaa, tarehe 17 Februari, baada ya sala ya alasiri, dukani kwake, akiwa anampimia mtu mchele. Alikaa kwenye gunia kama mtu aliyechoka, na hakuinuka tena.

Mimi ni Batuli binti Mbaruk, mkewe wa ndoa kwa miaka ishirini na mitatu. Niko edani. Kwa miezi minne na siku kumi sitoki mlangoni, kwa hiyo sina la kufanya ila kusoma barua zilizokutwa katika sanduku lake la posta. Yako ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko zote.

Sikujua kwamba ana mtu Nairobi. Kila mwezi alipanda na lori la nazi na ndimu, akarudi baada ya siku nne, nami nilimfungulia mlango na kumtilia maji ya kuoga. Sitamtukana mwanamke nisiyemjua. Pengine naye ameambiwa uongo kama mimi. Kama Zuwena ameolewa kwa ndoa ya sheria, basi eda yake imeanza siku moja na yangu, na ana haki yake. Alete mashahidi kwa shemeji yangu Muhdhar kabla mirathi haijagawanywa. Kama hakuolewa, mwambie atafute mwingine wa kumlipia pango na viatu.

Nataka unijibu jambo moja tu, na unijibu kweli. Je, ana mtoto? Mimi sikujaliwa.

Batuli binti Mbaruk


Nairobi,
27 Machi 1984

Mama Batuli,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa chini. Mungu amlaze pema bwana wangu. Hapa hakuna aliyemjua vizuri ila mimi, kwa hiyo sikuwa na mtu wa kumwambia nikaambiwa pole. Nilimaliza kazi nikaenda nyuma ya ghala la nyasi, nikalia huko.

Mama, Zuwena hana mtoto. Zuwena ni farasi.

Ni farasi jike wa mbio, mwekundu kama mbata iliyokaukia juani, ana doa jeupe usoni na umri wa miaka saba. Katika vitabu vya uwanja ana jina la kizungu, lakini bwana alikataa kumwita hivyo. Pango ni la chumba chake katika mabanda ya mzungu anayefundisha farasi. Viatu ni vya chuma, hubadilishwa kila wiki tano. Mimi ni saisi, ndimi nimwoshaye na kumlisha. Bwana alimnunua mwaka wa sabini na tisa, na wenzangu wote waliomwona pamoja naye walidhani nyumbani kwake mnajua.

Nisamehe kwa maneno yangu ya kwanza. Kwetu hapa tunasema "amekula", "amelala", "ana homa" kwa farasi kama kwa mtu. Sikufikiri kwamba atayasoma mwingine.

Kitsao Kaingu


Malindi,
5 Aprili 1984

Bwana Kitsao,

Nilipofika pale uliposema ni farasi nilicheka. Mke wa Muhdhar alikuwa jikoni. Akaja mbio akidhani akili yangu imeruka, maana mjane haonekani akicheka siku ya arubaini na tisa. Nikamwambia nimekumbuka jambo. Sikumwambia jambo gani.

Kicheko kilikwisha kabla ya magharibi. Nikaanza kuhesabu. Mwaka wa themanini Badawi aliniambia, "Batuli, Hija ingoje mwaka mmoja, ndimu hazikununuliwa." Wa themanini na moja, lori lilikuwa bovu. Wa themanini na mbili, ni zile fujo za Nairobi. Mwaka jana hakutoa sababu, nami sikuuliza, maana niliona anaona haya. Nguo zangu za ihramu zimo sandukuni tangu wakati huo, nimezitia karafuu zisiliwe na wadudu. Kumbe zilizoliwa ni nauli.

Kwa hiyo nataka kujua. Farasi mmoja anakula kiasi gani kwa mwezi? Na je, Badawi alikuwa akicheza kamari? Nikijua alicheza kamari nitamwombea maghufira na nitanyamaza. Lakini nijue.

Na jingine. Alipokuwa huko, alikuwa mtu wa namna gani? Hapa nyumbani alikuwa mtu wa kimya.

Batuli


Nairobi,
14 Aprili 1984

Mama Batuli,

Shikamoo. Kamari hakucheza hata siku moja. Wenzake walipokwenda dirishani kuweka fedha, yeye alishika ule uzio mweupe kwa mikono miwili, akakaa hivyo mpaka farasi wapite. Zuwena alishinda mara tatu katika miaka yote. Zawadi ililipa chakula kabla haijafika mfukoni.

Gharama ni hizi. Pango na mafunzo, shilingi elfu moja na mia mbili kwa mwezi. Fundi wa viatu, mia na ishirini. Siku ya mbio kuna ada ya kumwandikisha na malipo ya joki, yaani mpandaji. Daktari ni kadiri ya bahati. Na nyasi kavu, ambazo zamani zilikuwa rahisi. Mwaka huu mvua hazikuja, na robota moja sasa ni mara mbili ya bei ya Krismasi. Watu wanapanga foleni ya unga wa manjano mjini, na mimi napanga foleni ya nyasi.

Alianza hivi. Lori lake liliharibika karibu na mabanda, akaja kuomba maji ya injini. Zuwena alikuwa mdogo na mwenye kumiliki alikuwa anahama nchi. Bwana alisimama pale mlangoni na ndoo mkononi, maji yakimwagika viatuni, hakuona. Siku ya pili akarudi na fedha.

Nilimuuliza siku moja, "Bwana, mama nyumbani anasemaje?" Akaniambia, "Kitsao, nikimwambia Batuli itabidi nimtajie bei. Nikimtajia bei itabidi nimuuze." Kisha akasema, "Nitamwambia mwaka ujao."

Umeuliza alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa akisema sana. Akimpiga brashi Zuwena alimsimulia habari za duka, za bei ya nazi, na habari zako. Ndivyo nilivyojua kwamba hupendi mlango ubamizwe na kwamba sauti yako ya kusoma Kurani ni nzuri.

Kitsao Kaingu


Malindi,
23 Aprili 1984

Bwana Kitsao,

Sijui kama nikushukuru kwa ile habari ya mwisho. Miaka ishirini na mitatu nilidhani Badawi hana maneno. Alikuwa nayo. Aliyapandisha lori akayapeleka Nairobi.

Sasa sikiliza mambo ya mirathi. Muhdhar alikuja jana akakaa nje ya pazia. Nikamweleza habari ya farasi, maana si halali kuficha. Akasema, "Mnyama anayekula elfu na zaidi kwa mwezi? Sisi huyo hatumtaki, shemeji. Mchukue wewe kwa hesabu ya haki yako, sisi tutatazama duka na nyumba." Nikakubali. Kwa hiyo Zuwena sasa ni wangu, na gharama zake ni zangu.

Nataka umuuze. Tafuta mnunuzi mwenye kauli nzuri, umwambie bei ni shilingi elfu ishirini. Fedha hiyo nina kazi nayo kabla eda yangu haijatoka, mwishoni mwa Juni. Usiniulize ni kazi gani.

Nimeweka hawala ya posta ya elfu nne na mia tano. Ni bangili zangu mbili. Fundi wa dhahabu alizipima pale mlangoni, sikuzitazama zikitoka. Lipa pango, lipa daktari, na jilipe chakula ulichonunua kwa mfuko wako. Wewe hukutaja mshahara wako. Je, umelipwa?

Batuli


Nairobi,
3 Mei 1984

Mama Batuli,

Shikamoo. Hawala imefika. Nimelipa wote. Mshahara wangu ni jambo dogo, usijisumbue nalo.

Kuhusu kuuza, nimeulizia. Wakati huu wa ukame kila mwenye farasi anatafuta pa kumtupa, na hakuna anayenunua. Lakini kuna mbio tarehe 27 Mei, Jumapili, na bwana alimwandikisha Zuwena tangu Januari, ada imeshalipwa. Mwalimu wa farasi anasema yuko tayari kuliko mwaka wowote. Akishinda au akiwa wa pili, bei itapanda na wanunuzi watakuja wenyewe. Nakuomba tungoje mpaka siku hiyo.

Zuwena ameanza kula. Nilimsomea barua yako, usinicheke. Nimezoea kumsemesha kwa sababu bwana alimzoeza hivyo, na kwa sababu hapa wenzangu wengi wana lugha yao na mizaha yao. Mimi nina miaka kumi na miwili hapa na bado huniita "yule wa pwani".

Kitsao Kaingu


Malindi,
11 Mei 1984

Kitsao,

Vyema, tungoje tarehe 27. Wewe ndiwe unayewajua farasi.

Watu wanaokuja kunipa mkono wamepungua. Mwezi wa kwanza nyumba haikupumua kwa wageni. Sasa hupita siku mbili sijasikia hodi. Kuna wanaume wanaokuja kupima kuta na kuhesabu madirisha, lakini hayo ni mambo ya Muhdhar, hayakuhusu. Mimi hujifungia chumbani mpaka wamalize.

Nikwambie ukweli, barua yako ikichelewa mimi huulizia. Mpeleka barua ameshanijua. Jana alisema nje, "Leo hakuna ya Nairobi, bibi," kabla sijafungua mdomo. Niliona aibu kama msichana.

Niandikie Zuwena hufanya nini asubuhi. Badawi alikuwa akiamka kabla ya alfajiri hata siku asizokuwa na kazi, akakaa kitandani akitazama ukuta. Nilidhani ni hesabu za duka. Nataka kujua alikuwa akitazama nini.

Na wewe una watu? Una mke?

Batuli


Nairobi,
19 Mei 1984

Mama Batuli,

Shikamoo. Asubuhi ni hivi. Saa kumi na moja nafungua nusu ya juu ya mlango wake. Bado kuna giza na baridi, pumzi yake inatoka kama moshi wa jiko. Huja akaweka kidevu begani kwangu akaniegemea kwa uzito wake wote, mpaka miguu yangu iingie kwenye matope. Halafu namtia hatamu tunatoka. Farasi wengine huogopa ukungu. Yeye huingia kama anayekwenda kwake. Jua likitoka, mgongo wake unafuka mvuke na ile rangi nyekundu inaonekana polepole, kwanza shingo, kisha mbavu. Bwana alikuwa akisimama kwenye uzio akisema, "Subhanallah." Hakusema jingine. Nadhani ndicho alichokuwa akikitazama ukutani.

Mke ninaye, anaitwa Kadzo. Yuko kwao Vitengeni na watoto wawili. Aliondoka nyumbani kwangu mwaka juzi akasema hawezi kuolewa na bahasha ya mwisho wa mwezi. Na bahasha zenyewe siku hizi hazina kitu.

Mbio ni Jumapili ya wiki ijayo. Tuombee.

Kitsao


Nairobi,
29 Mei 1984

Mama Batuli,

Naandika barua hii mara ya nne. Tatu nimezichana.

Walikimbia farasi tisa. Zuwena alitoka vizuri, akakaa wa nne akijificha upepo nyuma ya wengine, kama alivyofundishwa. Kwenye kona ya mwisho alifunguka. Sijui niseme vipi. Aliwapita wawili kama wamesimama, akamfikia wa kwanza, na mimi nilikuwa nimeushika ule uzio bila kujua. Zilibaki hatua mia mbili. Hapo nikaona kichwa chake kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka. Joki akavuta hatamu, akaruka chini.

Kano ya mguu wa mbele wa kushoto imechanika. Watu wote walikwenda kumtazama mshindi. Niliingia uwanjani na kamba nikamkuta amesimama kwa miguu mitatu, jasho linamtiririka, ananitazama kama anayeuliza amekosa nini. Tulitembea mpaka mabandani kwa muda wa saa nzima. Daktari anasema ataishi, lakini hatakimbia tena.

Hilo ni la Mungu. Linalofuata ni langu.

Tarehe 25 Aprili, kabla sijakujibu, alikuja hapa mtu anaitwa Thuku, ana shamba la farasi upande wa Naivasha. Alimtazama Zuwena, akamshika miguu yote minne, akasema, "Mwambie mwenye mali, elfu ishirini na mbili taslimu, wiki hii." Mimi nilikwambia hakuna anayenunua. Nilikudanganya. Thuku alirudi tena Mei nikamwambia mama amekataa.

Sikuchukua rushwa ya mtu. Nilifanya hivyo kwa sababu Zuwena akiuzwa, ningerudi kwenye kile chumba changu cha mabati, na hakuna mtu duniani ambaye angeniandikia barua. Nilijidanganya kwamba atashinda na wewe utapata zaidi. Lakini sababu ni hiyo ya kwanza.

Sina la kujitetea. Nangoja utakalosema.

Kitsao Kaingu


Nairobi,
18 Juni 1984

Mama Batuli,

Shikamoo. Wiki tatu sijapata neno lako, na sistahili kulipata. Ila kuna jambo ambalo haliwezi kuamuliwa bila wewe.

Mzungu ametaka Zuwena aondoke kabla ya katikati ya Julai, ama apigwe risasi, kwa sababu anakula na hakimbii. Nilipanda gari nikaenda mpaka kwa Thuku. Nilimweleza kila kitu, hata ule uongo niliomwambia. Akasema, "Wewe ni mjinga, lakini farasi ana damu nzuri." Atamchukua kwa kuzalisha, kwa elfu sita. Hataki kuongeza hata senti, nami sikuwa na uso wa kumbembeleza.

Nipe ruhusa, au uninyime. Bila ya sahihi yako hawezi kumpokea.

Kitsao Kaingu


Takaungu,
30 Juni 1984

Kwa Kitsao Kaingu,

Ruhusa hiyo, na sahihi yangu ipo chini. Mpeleke kwa Thuku. Fedha itume kwa hawala, kwa jina la dada yangu Harusi, Posta ya Kilifi.

Umeona kwamba barua hii haitoki Malindi. Eda yangu ilitoka Jumatano, na Alhamisi nilihama. Sikukwambia, kwa sababu sikutaka kuhurumiwa na mtu nisiyemjua uso. Lakini sasa ujue. Nyumba ya Badawi imeuzwa kwa mtu anayeifanya ya wageni. Muhdhar si mtu mbaya. Alinipa nafasi. Alisema, "Shemeji, ukitoa elfu ishirini kabla eda haijatoka, vile vyumba viwili vya nyuma na kisima tutavitenga viwe vyako maisha." Ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Si Hija. Hija nilikwisha kuiacha. Nilitaka kufia pale nilipoishi.

Ile elfu ishirini na mbili ilikuwa mlangoni kwako, wewe ukaifungia nje.

Badawi alinificha kwa sababu ya bei. Wewe umenificha kwa sababu ya barua. Nyinyi wawili mlinipenda kwa mbali, kila mmoja kwa namna yake, na mimi ndiye niliyelipa. Nilipofika pale uliposema hakuna mtu wa kukuandikia niliiweka barua chini nikaenda kuchota maji, kwa sababu maneno hayo ningeweza kuyaandika mimi. Hilo halipunguzi kitu. Nakwambia tu kwamba nililiona.

Usijibu.

Batuli binti Mbaruk


Vitengeni,
9 Septemba 1984

Mama Batuli,

Shikamoo. Uliniambia nisijibu, na kwa miezi miwili nimetii. Leo nimevunja, kwa mara moja tu.

Hawala ya elfu sita niliituma tarehe 12 Julai. Natumaini dada yako aliipokea. Ya Agosti, elfu mbili na mia nne, ilikuwa mshahara wangu wa miezi mitatu ambao hatimaye nimelipwa. Usiirudishe. Si malipo ya vyumba vyako, najua havilipiki.

Nilimpeleka Zuwena Naivasha mwenyewe, kwa lori, nikiwa nyuma pamoja naye ili asiogope. Nilikaa siku nane mpaka akazoea maji ya huko. Siku ya tisa walimfungulia uwanda. Alichechemea mpaka katikati ya nyasi, akalala chini, akagaagaa kama mtoto. Farasi wa mbio haachiwi kugaagaa. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Thuku alinipa kazi nibaki, nikakataa. Nilimwambia nina watu.

Nimerudi kwetu. Kadzo bado yuko kwa baba yake. Mzee ameniambia, "Kaa hapa tukutazame kwanza," kwa hiyo nalima shamba lake, na jioni Kadzo huniletea sima, huweka chini na kuondoka. Juzi aliiweka, akakaa.

Kuna jambo nimekuja kuungama. Jumanne iliyopita nilikuja Takaungu. Nilitaka kukuomba msamaha kwa mdomo wangu, si kwa karatasi. Nilimuuliza muuza mkaa nyumba ya Bi Harusi, akanionyesha. Nilifika mlangoni saa nane mchana. Ndani kulikuwa na watoto wanasoma Kurani, na sauti ya mtu mzima ikiwasahihisha, na niliijua sauti hiyo ingawa sikuwahi kuisikia. Bwana alisema kweli.

Nilivua kofia nikasimama. Mkono haukuinuka. Nilifikiri, mama huyu amepata kazi yake na watoto wake, mimi naingia kumletea nini? Nikaondoka, nikarudi kwa miguu mpaka barabara kuu.

Kitsao Kaingu


Takaungu,
17 Septemba 1984

Kitsao,

Hawala zote mbili zilifika. Ya pili niliiweka mezani wiki nzima bila kuigusa, kisha nikanunua mikeka na misahafu midogo. Watoto ni kumi na saba sasa. Wazazi hulipa wanachoweza: samaki, mayai, mmoja huleta kuni. Harusi analalamika kwa kelele, lakini nimemkuta mara mbili amekaa nyuma ya mlango akisikiliza.

Nimefurahi kwa Zuwena. Niliposoma kwamba aligaagaa niliirudia ile mistari, halafu nikawasomea watoto. Wakataka kujua farasi ana ukubwa gani, na mimi, niliyemlipia chakula na viatu na daktari, sikujua niwaambie nini. Niliwaonyesha kwa mkono tu, hapa, juu ya kichwa changu. Sijui kama ni kweli.

Kuhusu ile Jumanne. Mtoto wa karibu na dirisha aliniambia, "Bi Mwalimu, kuna mtu nje ameshika kofia." Niliwaambia waendelee kusoma, nikaja ukumbini. Ukakohoa. Nilijua ni wewe. Sijui nilijuaje, labda kwa sababu mtu mwingine yeyote angekwisha kusema hodi. Nikasimama upande wa ndani, mkono juu ya komeo. Nilikuwa na maneno mengi ya kukukaripia, nikaanza kuyapanga. Nilipomaliza kuyapanga nilisikia hatua zako zinakwenda.

Ningeweza kufungua. Mimi nami nilisimama tu, kama wewe. Usiku ule sikulala vizuri.

Hasira yangu haijaisha, na sitaki ufikiri imeisha. Lakini inaweza kukaa chumba kimoja na mgeni. Alhamisi watoto hawasomi, na nyumba huwa kimya mno baada ya adhuhuri. Njoo siku hiyo. Kadzo akikubali, njoo naye, maana nina neno la kumwambia kuhusu waume wanaosema na wanyama.

Ukifika usisimame na kofia. Piga hodi, Kitsao. Nitakuwa karibu na mlango.

Batuli